Mchumba: Wajibu Kabla ya Haki

Barua ya posa ikijibiwa na kishika uchumba kikapokewa, kijana aliyemtuma mshenga hupata cheo kipya. Sasa ni mchumba. Wadogo wa binti huanza kumwita shemeji, na wazee wa pande zote mbili huanza kuzungumzia mahari. Hata hivyo binti bado yuko kwao, naye kijana si mume. Je, ahadi aliyoitoa imemfunga, au ametangaza nia tu?

Wayahudi wa kale walijibu kwa uzito mkubwa. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, inamruhusu mwanamume aliyeposa na bado hajaoa arudi nyumbani badala ya kwenda vitani. Uchumba wao ulifungwa kiasi kwamba kuuvunja kulihitaji talaka. Ndiyo maana Injili ya Mathayo inamwita Yusufu mume wa Mariamu kabla hawajakaa pamoja. Alipojua kwamba Mariamu ni mjamzito, Yusufu angeweza kumshitaki hadharani. Akakusudia kumwacha kwa siri, asimwaibishe, na Mathayo anamwita mtu wa haki.

Uislamu umeshika njia nyingine. Posa ni ahadi, si akdi, yaani si mkataba wa ndoa wenyewe. Bila walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli (matamko ya kuozesha na kukubali), hakuna ndoa kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mchumba anaruhusiwa kumtazama anayemposa. Mtume Muhammad alimshauri hivyo sahaba wake Mughira bin Shu'ba. Kukaa naye faragha haruhusiwi, maana kwake bado ni ajinabi. Pamoja na hayo, Hadithi inamkataza Mwislamu kuposa juu ya posa ya nduguye. Ahadi ambayo bado haijazaa ndoa tayari inadai heshima ya watu wengine.

Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 1062 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, linasema kwamba ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe, ingawa anaweza kudai fidia ya hasara. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakaribia hapo hapo: kifungu cha 69 kinaruhusu madai ya fidia ahadi inapovunjwa, na cha 71 kinaruhusu kudai kurudishiwa zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe.

Kwa nini mchumba asilazimishwe tu kutimiza neno lake? Kwa sababu ndoa inasimama juu ya ridhaa, na ridhaa iliyokwisha kufungwa miezi sita nyuma si ridhaa tena. Siku ya harusi kila mmoja lazima awe bado anaweza kusema hapana. Hilo haliifanyi ahadi kuwa bure. Kabla hajapata haki yoyote ya mume, mchumba tayari anadaiwa ukweli kuhusu afya yake, madeni yake na watoto alionao. Anadaiwa pia kulinda jina la mwenzake, hata mambo yakiharibika.

Wale wanaoitwa wachumba sugu wamepindua mpangilio huu. Mwanamume anapikiwa, anafuliwa, anazaliwa watoto, na kila akiulizwa tarehe anataja mwaka ujao. Amechukua haki za mume na kuahirisha wajibu. Kifungu cha 160 cha Sheria hiyo ya Ndoa ya Tanzania kinajaribu kumlinda mwanamke: wawili wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume, sheria hudhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini mahakama huitwa mambo yakishaharibika. Deni la mchumba wa namna hiyo linaanza mapema zaidi, siku anapojua moyoni kwamba hataoa. Siku hiyo anapaswa kumwambia mwenzake, kisha amtume mshenga kwa wazazi wa binti, ili binti abaki na muda wa kupanga maisha mengine.