Mchango wa Asiye na Kitu

Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, methali hii imhukumu mkimbizi wa Nakivale? Makazi hayo, yasiyo mbali na Mbarara, yamepokea wageni tangu kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962. Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kupungukiwa na fedha, lilikatiza msaada wa wakimbizi wapatao milioni moja nchini humo.

Chama cha wakimbizi kiishicho kwa ruzuku pekee hufa siku ruzuku ikatikapo. Lakini je, ni haki kumdai ada mtu aliyekosa posho? Hasha! Hiari ikilazimishwa huwa kodi. Hata hivyo, asiye na shilingi aweza kutoa saa moja ya kufundisha, au mkeka wa kukalia wanafunzi. Akitoa, huuliza bila haya: fedha za mfadhili zimetumikaje? Hapo chama huwa chake.

Basi, walimu wenzangu, tuupokee mchango wa maskini kwa heshima, bali tusiufanye kisingizio cha kumwondolea tajiri wajibu wake. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kimoja hakishibishi mji.