Je, Kobe Huyu ni Yatima?



Katika likizo ya Desemba iliyopita mjukuu wangu wa miaka 9 alikwenda kwa shangazi yake bondeni, upande wa Momba. Aliporudi hapa Tunduma alishuka katika basi akiwa amekumbatia kopo la rangi lililotobolewa matundu kifunikoni. Ndani yake, juu ya majani makavu, alikuwamo kobe mchanga, ukubwa wake kama kiberiti, ganda lake la manjano lenye mabaka meusi. "Babu," akaniambia kabla hata ya kunipa shikamoo, "ameachwa na mama yake. Nimemkuta peke yake kando ya shamba. Naomba tumjengee nyumba nzuri."

Ni nani angekataa? Fundi seremala jirani yetu alitoa mbao za tenga la nyanya, na ilipofika jioni nyumba ilikuwa imesimama, ina mlango wa bawaba, na jina la mwenye nyumba limeandikwa kwa chaki. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akasema hiyo ni kazi bure, maana kobe ameumbwa na nyumba yake mgongoni. Mwingine akashauri tumtoboe ukingo wa ganda na kumfunga kamba, asipotee.

Maneno hayo mawili yanatoka katika kosa moja. Ganda si nyumba ya kobe, bali ni mwili wake. Uti wa mgongo na mbavu zake vimeungana na mfupa ule, naye akiguswa juu yake huhisi. Kulitoboa ni sawa na kumtoboa mtu ubavu. Kwa hiyo kobe naye ana haja ya makao, kama viumbe wengine wote.

Jambo hili nalijua kwa gharama ya kobe mwingine. Mwaka 1983, nilipokuwa kijana mwenye kazi yangu ya kwanza, nilinunua kobe mchanga kwa watoto kando ya barabara. Nilimpenda mno. Nilimweka ndani ya boksi chini ya kitanda ili asipatwe na baridi, nikamlisha ugali laini na mkate uliolowekwa katika maziwa, kwa kuwa nilimwona ni mtoto, na watoto hunywa maziwa. Baada ya miezi michache ganda likawa laini, likibonyezwa linabonyea, na macho yakavimba mpaka yakafumba. Alikufa mwezi wa Julai, siku za ule upepo wetu wa baridi. Rafiki zangu walinifariji kwamba nilimtunza kuliko ambavyo wengi wangemtunza. Hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu lilikuwa kweli.

Baadaye bwana nyama mmoja alinieleza nilipokosea. Kobe mchanga hujenga mifupa yake kwa jua lenyewe, wala si jua linalopita katika kioo cha dirisha, pamoja na chokaa iliyomo katika majani. Kobe wa aina ile chakula chake ni nyasi na magugu ya namna nyingi. Tumbo lake halikuumbiwa ugali wala mkate wala maziwa. Anataka maji katika kisahani kifupi ambacho ataingia na kutoka bila kuzama, kivuli cha kukimbilia jua likiwa kali, pahali pakavu pa kujificha usiku, udongo wa kuchimba, na wavu juu, maana kunguru, panya na mbwa wote humwona kuwa kitoweo. Tena anataka nafasi. Akikua anaweza kufikia kilo 10 na zaidi, naye hutembea mbali akitafuta malisho. Tenga la nyanya lingemfaa kwa muda mfupi tu, na baada ya hapo angehitaji ua mzima.

Yote hayo tungeweza kuyafanya. Uwanja ninao, na nyasi hazikosekani masika. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa jingine: je, ni kweli kwamba kobe huyu aliachwa?

Kobe jike huchimba shimo, hutaga mayai, huyafukia, kisha huenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, pengine hata kupita mwaka, na mvua ikilainisha udongo watoto hujitokeza, kila mmoja na njia yake. Hakuna mama anayerudi. Basi kumkuta kobe mchanga peke yake kando ya shamba ni kumkuta katika hali yake ya kila siku, mzima, yuko kwao, anakwenda zake. Yatima ni jina tulilompa sisi. Tulimpa kwa sababu tulimtaka, na mtu akitaka kisicho chake mara nyingi hutafuta kwanza sababu ya huruma.

Mtu ataniambia kwamba wengi wao huliwa porini wakingali wadogo, na kwamba kwetu angekuwa salama. Hoja hiyo ina nguvu, nami sikuidharau. Lakini yule anayeponea porini hukua na kuzaa. Huyu wetu angeishi miaka 50 nyuma ya jiko bila kumwona kobe mwenziwe hata mara moja, na sisi tungeuita usalama.

Nisieleweke vibaya, simfananishi mtoto wa mtu na kobe. Nayafananisha maneno tu. Mara ngapi tumesikia hapa mjini: "Binti huyu nimemtoa kijijini, kwao ni shida, hapa anakula vizuri na analala kitandani"? Na mara ngapi tumeuliza kama alikuwa anasoma, au kama mama yake alilia? Mimi mwenyewe niliyasema maneno hayo mwaka 1994, juu ya msichana tuliyemleta atusaidie kazi za nyumbani. Chumba chake kilikuwa kizuri. Hadi leo sijui kama alipenda kuja, maana sikumwuliza.

Ndugu mmoja tunayesali naye, niliyezungumza naye habari hii, alinikumbusha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, palipo na sheria ya kiota cha ndege: mtu anaruhusiwa kuchukua makinda, ila mama yao amwache aende. "Unaona," akasema, "kuchukua kumeruhusiwa." Ni kweli. Lakini naiona sheria ile kuwa imewekwa ili kuuzuia mkono, hata mkono wa mtu mwenye njaa, usichukue vyote. Sisi hatukuwa na njaa. Tulitaka kitu cha kutazama.

Tena kuna suala la ahadi. Askofu Mkuu wa Canterbury, William Laud, alikuwa na kobe katika makao yake ya Lambeth, London. Askofu alikatwa kichwa mwaka 1645 katika ugomvi wa mfalme na bunge. Kobe akabaki, maaskofu wakapokezana kiti na bustani pamoja na kobe, mpaka alipokufa mwaka 1753, inasemwa kwa uzembe wa mtunza bustani. Ganda lake limehifadhiwa Lambeth. Yule mtunza bustani hakuwa ametoa ahadi yoyote kwa mnyama huyo, naye aliyemleta alikuwa kaburini zaidi ya miaka 100. Mimi nina miaka 66. Nikimwambia kobe mchanga "nitakutunza", ninayemfunga kwa neno hilo ni mjukuu wangu, na pengine wanawe.

Sheria ya nchi iko wazi pia: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kufuga mnyamapori bila kibali. Wako wanaoiona ni kali mno kwa kobe mmoja. Lakini tazameni habari za kobe wa mawe, yule bapa kama chapati aishiye katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, na ambaye yuko pia kaskazini mwa Zambia, upande wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Hutaga yai moja moja. Walanguzi wakimtafuta ili auzwe ng'ambo huipasua miamba, hivyo wakimtoa mmoja huwa wamebomoa nyumba ya wote watakaofuata. Mwaka 2019 mataifa yalimweka katika orodha ya juu kabisa ya viumbe wasioruhusiwa kufanyiwa biashara. Kila aliyemnunua ili amfuge, nadhani, alimwandalia nyumba nzuri.

Siku ya tatu nilimpigia simu afisa wanyamapori. Aliniuliza mambo mawili: mahali hasa alipookotwa kobe, na kama amechanganywa na kobe wengine, kwa kuwa huambukizana maradhi na kuyapeleka porini. Nikamjibu kwamba mahali panajulikana, na kwamba hajaona kobe mwingine kwetu. Akasema tumrudishe pale pale, upesi.

Jumamosi tulipanda basi, mimi na mjukuu na kopo letu. Alilia kidogo njiani, nami sikumkataza. Kando ya shamba la shangazi yake alimweka chini ya kichaka kile kile. Kobe alivuta kichwa ndani, akakaa hivyo muda mrefu hata miguu ikaniuma kwa kuchuchumaa. Kisha akatoa shingo, akaenda zake katika nyasi.

"Babu, atatukumbuka?"

"Sidhani."

Hakusema neno tena mpaka tulipokaribia Tunduma, akaniuliza kama lile tenga lingeweza kumfaa kuku. Limemfaa. Sasa yumo mtetea anaatamia mayai 11, na jina la kobe bado linasomeka mlangoni.