Bogoa Anasema Akiwa na Umri Gani?

Nakala yangu ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine niliinunua inama, kwa wale wauza vitabu wanaotandaza bidhaa zao kandoni mwa barabara za Nairobi. Ilikuwa imepitia mikononi mwa mwanafunzi mwenye bidii. Pambizoni amejaza penseli: kisengere nyuma, tashbihi, ajira ya watoto. Katika hadithi ya Alifa Chokocho, "Tulipokutana Tena", pale ambapo mtoto anaadhibiwa kwa kuchomwa moto, ameandika "ukatili – Sinai", akapiga mstari, akaendelea mbele.

Mwanafunzi huyo alifanya alivyofundishwa. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina alama 80, na swali la hadithi fupi lina 20 kati ya hizo. Swali linalotarajiwa na kila mtahiniwa ni lile la dondoo: eleza muktadha, alama 4. Msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini anasema. Nimefundisha Kidato cha Tatu na cha Nne, na nalipenda swali hili kuliko wengi wanaolinung'unikia. Linamlazimisha msomaji asimame mahali pamoja na kusikiliza sauti ya mtu. Ila kwa hadithi zinazosimulia jinsi mtu alivyokua, naona limepungukiwa na jambo moja: msemaji anasema akiwa na umri gani?

Tumchukue Bogoa wa hadithi hiyo. Wazazi wake wanamtoa angali mdogo, aende kuishi kwa Bi Sinai mjini, kwa matumaini kwamba huko atapata maisha bora. Anachokikuta ni utumwa wa jikoni. Anadamka mapema, anafanya kazi mfululizo, anapigwa marufuku kuwa na marafiki. Hata hivyo anampata rafiki, Sebu, na urafiki huo unafichwa kama kitu cha wizi. Kisha miaka inapita, mingi, hadi wawili hao wanakutana tena wakiwa watu wazima wenye familia zao. Hapo ndipo Bogoa anapoyafungua yaliyompata.

Ukisoma kwa kukimbilia maudhui, utapata ajira ya watoto, ukatili, malezi. Yote ni kweli na yote yana alama. Lakini ukiuliza umri wa msemaji, hadithi inageuka mbele ya macho yako. Mtoto aliyechomwa hakuwa na maneno. Alikuwa na maumivu, alikuwa na amri ya kunyamaza, na alikuwa na imani kwamba waliomleta pale walijua walichokuwa wakifanya. Maneno amekuja kuyapata ukubwani, mbele ya watu wasioweza tena kumpiga. Kwa hiyo tunachokisoma ni masimulizi ya mtu mzima anayemsemea mtoto aliyenyimwa nafasi ya kujisemea, na katikati ya hao wawili pana ukimya wa miaka. Mwandishi ametuwekea ukimya huo kwa makusudi, lakini sisi tumeuita kisengere nyuma na kuuacha hapo.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa Bogoa ni nani. Wamemwona nyumbani. Ni yule mtoto wa jamaa aliyeletwa kutoka mashambani "asomeshwe", akaishia kubeba watoto wa wenzake mgongoni na kuamka kuwachemshia chai waende shule. Wageni wakija anaitwa mtoto wetu. Wakiondoka anarudi kwenye sufuria. Wengine wamekuwa yeye wenyewe, na hawajawahi kukutana na Sebu wao wa kumsimulia.

Na Sebu ndiye anayenishughulisha zaidi. Katika miongozo ya mitihani anapewa sifa zake, mwenye utu, mkarimu, basi. Mimi namwona kama kipimo cha urafiki wa utotoni ulivyo hasa. Watoto wawili wanaweza kupendana sana na bado mmoja asijue mwenzake analala wapi, anakula nini, anaogopa nani. Wanacheza pale panapowezekana kucheza. Rafiki wa utotoni ni shahidi aliyeona nusu ya mambo. Akikutana nawe baadaye, unamletea ile nusu ya pili, naye anapaswa kuyapanga upya yote aliyodhani anayakumbuka. Kwa nini ulikuwa huji siku nyingine? Kwa nini ulikuwa na haraka? Naamini jina la hadithi limebeba uzito huo wote: kukutana tena maana yake kwa hawa wawili ni kujuana kwa mara ya kwanza.

Katika diwani hiyohiyo kuna vijana ambao hofu inawasemea wazazi wao kabla wazazi hawajafungua kinywa. Samueli, katika "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, amefeli, na njia nzima anaisikia hasira ya baba yake kichwani, hadi anafika ukingoni mwa bwawa. Sara wa "Mame Bakari", hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany, amebakwa na kushika mimba. Anamwona baba yake akimfukuza, anawasikia wanafunzi wenzake wakimcheka, na mahakama yote inakaa ndani ya fikira zake. Baadaye wazazi wake wanamsimamia. Nimewahi kuwauliza wanafunzi waweke alama katika kurasa hizo, wapi baba anasema na wapi Sara anamsemea. Darasa lilikaa kimya kwa muda mrefu. Wengi walikuwa wameandika "baba ni mkali" wakimwelekeza mtahini kwenye maneno ambayo baba hakuyatamka kamwe.

Kosa hilo la kusoma lina maana nje ya kitabu. Kijana wa miaka kumi na sita anayemhukumu baba wa Sara kwa maneno ya hofu ya Sara, huenda anamhukumu wake vivyo hivyo. Au pengine baba yake ni mkali kweli, na hofu yake ina sababu. Hadithi haimwambii ni lipi. Inampa zoezi la kutenganisha kinachosemwa na kinachodhaniwa, na sidhani kuna somo jingine katika ratiba ya shule linalomfanyisha zoezi hilo.

Suala la utambulisho nalo limeharibiwa kwa haraka hiyohiyo ya kukimbilia maudhui. Katika "Damu Nyeusi" ya marehemu Ken Walibora, aliyetuondokea mwaka 2020, Fikirini ni mwanafunzi Mwafrika nchini Marekani. Anabaguliwa na weupe. Kisha anaporwa na weusi aliodhani ni ndugu zake kwa damu. Walibora alisoma na kufundisha Marekani, na hadithi yake haina haraka ya kumfariji mtu. Jibu la kawaida darasani ni "ubaguzi wa rangi". Mimi naiona kama hadithi ya kukua iliyochelewa, kwa sababu Fikirini alifika ughaibuni akiwa na jibu la mtoto kwa swali la yeye ni nani: mimi ni mweusi, na weusi wenzangu ni wangu. Jibu hilo linavunjika mikononi mwake, na mwandishi hampi lingine badala yake. Mwanafunzi anayetafuta funzo la mwisho anabaki ameudhika. Namwambia hiyo ndiyo dalili kwamba ameielewa.

Hadithi fupi inaweza kufanya hivyo kwa sababu ya ufupi wake. Katika riwaya kama Siku Njema ya Walibora huyohuyo, ya mwaka 1996, Kongowea ana kurasa za kutosha kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na tunakua pamoja naye. Hadithi fupi inachagua siku moja, mkutano mmoja, na kumwachia msomaji miaka iliyobaki aijaze mwenyewe. Anaijaza kwa miaka ipi? Kwa yake. Ndiyo maana darasa moja husoma hadithi moja na kutoka na Bogoa tofauti.

Hapo nawaomba walimu wenzangu jambo zito. Tukianza kuuliza umri wa msemaji, na kwa nini mtoto alinyamaza, majibu hayatakuwa yote ya kitabuni. Mwanafunzi atabaki nyuma kengele ikilia, ashike kona ya dawati, aseme, "Mwalimu, hata mimi niliishi kwa mtu." Mwongozo hauna ukurasa wa kumjibu. Inafaa tuwe tumekubaliana mapema na mwalimu wa ushauri nasaha, tujue ni nani wa kumpigia simu ikiwa mtoto bado yuko katika nyumba hiyo, na tusimwahidi siri ambayo hatutaweza kuitunza. Maandalizi hayo ni sehemu ya kufundisha fasihi, sawa na kuandaa maelezo ya ubaoni, na mwalimu asiyeyafanya afadhali aendelee kuuliza tashbihi.