Mhadhiri akikosea, deni lake analipa wapi?

Ramadhani ya mwaka 2020 ilinikuta Kondoa, kwa wakwe zangu. Mgeni atokaye Dar es Salaam akionekana na kitabu mkononi haachwi akae kimya. Nikaombwa nitoe darsa baada ya Alasiri katika msikiti mmoja wa pale mjini.

Wiki hiyo wataalamu wa falaki wa taasisi ya Ulaya yenye darubini kubwa kule Chile walikuwa wametangaza kwamba wamepata shimo jeusi lililo karibu zaidi na mfumo wa jua letu kuliko yote yaliyojulikana. Umbali wake miaka ya nuru 1,000 hivi, katika nyota iitwayo HR 6819. Mwaka mmoja wa nuru ni kama kilomita trilioni tisa na nusu, kwa hiyo huo "ukaribu" ni wa kwao wenyewe. Lakini nyota hiyo inaonekana kwa macho penye giza la kutosha, na giza hilo Kondoa lipo.

Habari tamu kwa mhadhiri! Nikaeleza kwamba shimo jeusi ni nyota kubwa iliyokufa, ikajikunja mpaka hata nuru haiwezi kutoka. Nikapamba kwa kutaja satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ambayo ilisaidia kulitambua Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Hayo yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Kisha nikafanya ninalolijutia. Nikasoma zile aya za Surat Takwir zinazotaja vinavyorejea nyuma na kujificha, nikasema: haya ndiyo mashimo meusi, na moja liko hapo juu ya Kondoa, mkiamka daku tazameni kusini. Msikiti ukaitika kwa takbira.

Sikulibuni mimi. Lilikuwa limezunguka katika vitabu na mihadhara miaka mingi. Wafasiri wa kale wengi walisema ni nyota, na wapo waliosema ni wanyama wa porini. Hayo sikuyataja, yangepunguza takbira.

Mwaka huo huo kundi jingine, likiongozwa na Julia Bodensteiner wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, likapinga tangazo lile. Thomas Rivinius, aliyeliongoza, angeweza kununa na kutetea jina lake. Badala yake makundi yote mawili yakakaa pamoja, yakaitazama nyota ile kwa vyombo vikali zaidi, na Machi 2022 yakatoa jibu moja: hakuna shimo jeusi pale. Kuna nyota mbili zinazozungukana karibu mno, na moja imemnyonya mwenzake tabaka za nje. Jina la Rivinius limo miongoni mwa walioandika utafiti uliofuta ugunduzi wake mwenyewe.

Mimi je? Habari hiyo niliisoma, nikanyamaza. Nikajiambia kwamba nilisema kwa nia njema, na kwamba hakuna anayekumbuka darsa la miaka miwili nyuma. Hili la pili liliangushwa na shemeji yangu mwaka 2023, aliponiambia kwa furaha kwamba watoto wa madrasa pale bado wanafundishwa "lile shimo la ustaadh".

Na nia njema? Inanitoa kwenye uongo wa siku ile. Hainitoi kwenye kimya cha baada ya kujua. Shahidi aliyesema ameuona mwezi, kisha akagundua ilikuwa taa ya mnara wa simu, atakaa kimya watu wafuturu?

Hoja iliyonikalia zaidi ilikuwa hii: nikisahihisha, nitawatia watu shaka na dini. Wengi wetu tunajificha nyuma yake. Lakini nani aliyeiweka aya rehani kwa habari ya wiki moja? Shaka hiyo niliipanda mimi siku ya takbira, na kila siku ninayonyamaza naimwagilia maji. Aya haikuwahi kuihitaji HR 6819. Aliyeihitaji ni mhadhiri.

Ramadhani ya 2024 nikamwomba imamu nafasi ile ile, wakati ule ule, nikasema: nilikosea, na watoto waambiwe. Pakawa kimya. Mzee mmoja akauliza, "Sasa mkwe wetu, usiku ule sisi tulitazama nini?"

"Nyota mbili, mzee wangu."

"Na hilo la karibu liko wapi?"

Nikamwambia linaloshika nafasi hiyo sasa ni Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022, umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi, uzito wake karibu mara kumi ya jua. Lenyewe halionekani. Ila kuna nyota mfano wa jua letu inayolizunguka kila baada ya siku 186 hivi. Ukimwona mtu gizani anazunguka kama aliyeshikwa mkono, utajua yupo aliyemshika.

Akatikisa kichwa. "Leo hujatusomea aya."

Nikamwambia, kwa hilo, leo sisomi.