Miaka mitatu ya Danieli na hesabu za watoto wetu

Masomo ya juma: Danieli 1:3–20, Luka 14:28–30

Kwenu mlioko hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, na ninyi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale,

Kila mwaka Oktoba inapokaribia kwisha, watoto wa P7 huitwa mbele ya kanisa. Wanakuja wameshika kalamu, rula na kompasi, akina mama wanapiga vigelegele, wazee wananyosha mikono, nasi tunawaombea. Naipenda ibada hiyo na sitaki iachwe. Lakini juma hili nawaomba tusome habari za vijana wengine waliofanya mtihani ugenini, kwa maana nahofu kwamba sala ya siku ya mwisho tumeishika vizuri, na miaka inayoitangulia tumeiachia walimu peke yao.

Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa mateka wa vita. Walitolewa kwao, wakafikishwa Babeli, wakapewa majina mapya, wakaanza kufundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo. Aya ya tano inatuambia muda wa masomo ulikuwa miaka mitatu. Aya ya kumi na saba inasema ni Mungu aliyewapa maarifa na ujuzi. Katika aya ya kumi na tisa na ya ishirini, mfalme anawahoji mwenyewe, anawaona wamewapita wenye hekima wake wote mara kumi. Tazameni mahali kipawa kilipowekwa katika habari hiyo: katikati, kati ya kuanza shule na siku ya mtihani. Hakikuanguka asubuhi ya kuhojiwa. Mungu aliwapa maarifa wakiwa wanasoma, kwa lugha ambayo hawakuinyonya kwa mama zao.

Tena Wakaldayo walikuwa watu wa hesabu. Wataalamu wa Babeli walihesabu kwa makundi ya sitini, na mpaka leo saa yetu ina dakika 60 na dakika ina sekunde 60 kwa sababu yao. Mtoto wa P7 anayehangaika na hesabu za besi, akigeuza namba ya besi ya tano iwe ya kumi, anafanya kazi ambayo vijana wa Yuda huenda nao waliikuta katika shule ya mfalme: kuhesabu kwa utaratibu usio wa kwao.

Wazazi wengi hamjaiona karatasi yenyewe, kwa hiyo niieleze. Hesabu ndiyo hufungua PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, asubuhi ya siku ya kwanza. Maswali ni 32, muda ni saa mbili na nusu, yaani chini ya dakika tano kwa kila swali. Maswali 20 ya kwanza ni mafupi, alama mbili mbili. 12 ya mwisho ni marefu na yanabeba alama 60. Baraza la mitihani, UNEB, hutoa daraja kwa kila somo, kuanzia 1 hadi 9, kisha madaraja ya masomo manne hujumlishwa. Jumla ya 4 haina ya kuipita; kuanzia hapo hadi 12 ndiyo divisheni ya kwanza. Ndani ya karatasi hiyo moja kuna seti, sehemu, asilimia, uwiano, faida na hasara, riba, mwendo wa magari kwenye grafu, kubadilisha fedha za nchi moja kwa nyingine, na kuchora pembe kwa kompasi. Ni kazi ya miaka saba. Haiwezi kubebwa na usiku mmoja wa mkesha.

Sasa nizungumze na ninyi mliotoka Kongo na Burundi, kwa sababu mna mzigo ambao majirani zetu Wanyankole hawana. Mwalimu wa Bukavu alitufundisha kugawanya kwa kuweka namba inayogawanywa kushoto, kigawanyo kulia kwake, na jibu chini ya kigawanyo. Mwalimu wa Uganda anaweka kigawanyo kushoto na jibu linapanda juu. Baba anafungua daftari la mwanawe jioni, anaona hesabu imepinduka, anasema, "Hawa wanakufundisha vibaya," anamwonyesha ya kwake. Kesho mtoto anachanganya zote mbili na anakosa. Hesabu ni ile ile! Hata alama ya mkato inatutega. Sisi tulioandika shuleni kwa Kifaransa, 2,5 ni mbili na nusu. Katika kitabu cha Uganda mbili na nusu huandikwa 2.5, na mkato unatenganisha maelfu: 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Mama aliyesoma Uvira anaweza kuisoma mbili na nusu, wala hajakosea kwa jinsi alivyofundishwa. Mzazi, kabla ya kumsahihisha mtoto, mwambie kwanza akuonyeshe mwalimu wake anavyofanya. Mkiona jibu la njia yako na la njia yake yanalingana, mtoto atakuwa amejifunza jambo kubwa kuliko swali lenyewe.

Jambo lingine ni saa. Nyumbani saa mbili asubuhi ni saa mbili. Kwenye karatasi imeandikwa nane. Mtoto wa Kinyankole naye ana shida hiyo hiyo, kwa kuwa lugha yake inahesabu saa kama yetu, kuanzia kuchomoza kwa jua. Basi swali la taksi iliyotoka Mbarara saa mbili na kufika saa tatu na nusu linaweza kumshinda mtoto anayejua vizuri kabisa kwamba safari ilichukua saa moja na nusu. Anajua. Kinachomponyoka ni namna ya kuziandika saa hizo.

Hapo ndipo moyo wangu unaposhikika zaidi. Watoto wetu wanajua hesabu nyingi ambazo shule haijaziona. Binti anayemsaidia mama kuuza nyanya na dagaa sokoni Nakivale anarudisha chenji ya noti ya elfu kumi kabla mteja hajamaliza kufunga mfuko wake. Mpe hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi, kwa Kiingereza, anaduwaa. Si yeye peke yake duniani. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wachuuzi wa mji wa Recife. Kwenye meza zao za biashara watoto hao walipata karibu asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Walipopewa hesabu za namna ile ile kama namba tupu za shule, walipata kama asilimia 37. Zilipofungwa ndani ya hadithi ndogo za maneno, wakapanda hadi kama asilimia 74. Akili ilikuwa moja, mtoto ni yule yule.

Kwa hiyo mtoto anayeitwa mzito darasani, mpeleke kwanza kwenye hesabu anayoiishi, halafu mshike mkono mpaka kwenye karatasi. Asilimia kwa mfano. Mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoanza kugawa msaada kwa makundi ya uhitaji, nyumba nyingi za Nakivale zilijifunza asilimia kwa uchungu: kundi moja kubakiziwa asilimia 60 ya mgao, jingine 30, na la tatu kuondolewa. Hakuna mtoto wa kambi asiyejua tofauti ya 60 na 30. Anzia hapo. Mwulize: mgao mzima ungekuwa shilingi kadha, asilimia 30 yake ni ngapi? Atakujibu, na uso wake utabadilika kwa sababu amegundua kwamba kumbe lile somo la kuogopesha analijua. Ninyi mnaokaa hapa mjini, ambao hamna mgao wowote, hesabu ya kodi ya nyumba mnayo kila mwezi. Mwiteni mtoto akae nanyi mnapoipanga.

Na kuna wale wakubwa. Kijana aliyekuwa amefika darasa la tano Kongo amewekwa P3 kwa sababu hajui Kiingereza. Ana miaka 14, magoti yake hayaingii chini ya dawati, jirani yake ana miaka minane. Hesabu ya kugawanya sehemu aliimaliza zamani, lakini swali halisomi. Wengine wanamcheka. Naye baada ya muhula mmoja anaacha, anaenda kubeba matofali au kuendesha boda ya mtu. Kanisa limewapoteza vijana wengi kwa namna hiyo, na sisi tulikuwa tunahesabu mahudhurio ya Jumapili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawasawa na raia. Mlango uko wazi. Anayekwama ameshaingia ndani, na aliyemwona amekwama ni jirani yake wa benchi la kanisa. Danieli hakuwa peke yake Babeli. Wanne walisoma pamoja, walikula pamoja, na shida ilipowafikia waliomba pamoja. Kijana huyu anahitaji watatu.

Nafahamu kwamba walimu wetu wana kazi kubwa. Nakivale darasa lenye watoto mia na zaidi si jambo la kushangaza, na mwalimu mmoja hawezi kupita kwenye madaftari mia na kumwonyesha kila mtoto alipokosea. Ndiyo maana mtoto anaweza kujumlisha nusu na theluthi akaandika mbili ya tano, juu kwa juu na chini kwa chini, mwaka mzima, akawekewa alama ya kosa mwaka mzima, pasipo mtu wa kukaa naye dakika tano na kumwuliza: ukiwa na nusu ya mkate, ukaongezewa theluthi, inawezekanaje ubaki na pungufu ya nusu? Dakika tano hizo hazihitaji shahada. Zinahitaji mtu mzima aliyetulia, asiyepiga kelele.

Na watu hao tunao. Humu ndani mna waliofundisha Goma, Uvira, Bujumbura. Vyeti vyenu havijakubaliwa, mnauza vocha za simu na mitumba. Naomba mnisikie: ujuzi wenu haukubaki mpakani. Mtoto wa Mungu mwenye kipawa cha kufundisha hesabu ana huduma kanisani kama mwenye kipawa cha kuimba, na nasikitika kwamba kwaya tumeinunulia kinanda na kwa hesabu hatujanunua hata boksi la chaki. Baraza la wazee limekubali tuanze. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa moja jioni, milango ya kanisa la Nyamityobora itakuwa wazi kwa watoto wa P4 hadi P7, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu, Wakongo na Wanyankole. Nakivale, wazee wenu watawatangazia siku. Tutafanya kidogo kidogo: maswali matano au sita kwa siku, yaliyochanganywa, la juma hili pamoja na la mwezi uliopita, ili kilichojifunzwa Februari kisipotee Juni. Karatasi za miaka iliyopita tutazitumia, ila si kwa kukariri majibu. Na kila kosa litarudiwa mpaka mtoto aeleze mwenyewe kwa Kiswahili lilipotokea, kisha alieleze tena kwa Kiingereza.

Niseme pia lile ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Kila mwaka UNEB huzuia matokeo ya watoto kwa tuhuma za udanganyifu, na anayelia ni mtoto aliyeandikiwa jibu na mtu mzima. Walawi 19 inakataza mizani ya uongo, na mtihani nao ni mizani. Mzazi, ukiletewa habari kwamba kuna karatasi inauzwa, usichangie hata shilingi mia. Afadhali mwanao arudi na divisheni ya tatu iliyo yake.

Maana matokeo yatakuja, na si kila nyumba itapiga vigelegele. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama, na Luka anaeleza jinsi watazamaji wanavyomcheka aliyeshindwa kumaliza. Sisi tusiwe watazamaji hao. Mtoto akipata 28, siku ile ile mfuateni nyumbani kwake, mle naye, mwulizeni ni swali lipi lilimsumbua. Anaweza kurudia P7, anaweza kwenda kujifunza ufundi, na kwa vyovyote vile Jumanne jioni nafasi yake kwenye benchi itakuwepo.

Swali la juma hili ni la kila nyumba. Mama mmoja alinunua gunia la maharage la kilo 100 kwa shilingi 300,000. Kilo 5 zilikuwa zimeoza, akazitupa. Zilizobaki aliziuza kilo moja kwa shilingi 3,600. Tafuteni faida yake kwa asilimia. Fanyeni pamoja na watoto, mwandike hatua zote, na mlete karatasi Jumapili kabla ya ibada.

Neema ya Bwana iwe nanyi.