Kumlisha Paka si Kujaza Bakuli Tu

Paka ninayemfuga katika chumba changu hapa Kampala alijikuna kichwa na shingo hadi akatoa damu. Nami kila siku nilimpa samaki, nikijiona mwema.

Daktari wa mifugo alitibu viroboto kwanza. Muwasho ulipobaki, alishuku chakula. Nyama ya ng'ombe, samaki na kuku ndizo huwasumbua paka zaidi. Njia ya kujua ni kumlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila kwa majuma 8, kisha kumrudishia ya zamani na kuangalia. Tukachagua sungura.

Je, kumnyima mnyama anachokililia ni dhulma? Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Zamani niliona humo njaa tu. Sasa naona amana: ukimfungia kiumbe, wewe ndiye unayemchagulia, basi mchagulie kisichomdhuru. Kumnyima samaki ni rehema, mradi ashibe kingine. Akigoma kula namrudisha kwa daktari, maana njaa ya siku chache huweza kuharibu ini la paka.

Juma la tatu, ninayeishi naye alimwonea huruma akamrushia samaki. Paka akaanza kujikuna tena, nasi tukaanza kuhesabu upya.

Huruma bila elimu huumiza. Kabla ya kutoa, tujiulize: namfurahisha yeye, au nafsi yangu?