Askofu Aliyemnyima Tsar Baraka

Somo: 2 Samweli 12:1–14



Nabii Nathani alipoingia kwa Daudi hakuwa na askari nyuma yake. Alikuwa na kisa cha tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja, na alipokimaliza alimwambia mfalme usoni kwamba mtu huyo ni yeye. Habari hii huwa tunaisoma haraka kwa sababu tunajua Daudi alitubu. Juma hili naomba tumtazame mtu aliyefanya kazi ya Nathani mbele ya mfalme asiyetubu. Yalitokea Urusi katika karne ya 16, na kwa maoni yangu Warusi hawajamaliza kuishi na swali lililoulizwa siku ile.

Fyodor Kolychev alizaliwa mwaka 1507 katika ukoo wa makabaila wa Moscow. Alipokuwa na miaka 30 hivi aliacha maisha ya ikulu akaenda kaskazini kabisa, kwenye visiwa vya Solovki katika Bahari Nyeupe, ambako maji huganda na visiwa hukatika na bara kwa miezi mingi. Huko akawa mtawa, akapewa jina la Filipp, na baadaye akawa abati. Kazi alizozifanya kisiwani nazipenda sana. Alichimba mifereji iliyounganisha makumi ya maziwa madogo, watawa wakapata maji na nguvu ya kuendeshea kinu. Alianzisha kiwanda cha matofali na kujenga makanisa ya mawe pale ambapo awali palikuwa na mbao tu. Mtu tutakayemwona akisimama mbele ya Tsar alikuwa amezoea kwanza kuhangaikia unga na maji ya watu wake.

Mwaka 1566 Tsar Ivan wa Nne, ambaye historia humwita Ivan wa Kutisha, alimwita awe Mitropoliti wa Moscow, cheo cha juu kabisa katika Kanisa la Urusi wakati ule. Mwaka mmoja kabla ya hapo Ivan alikuwa ametenga sehemu ya nchi iwe mali yake mwenyewe, akaunda na kikosi cha wapanda farasi waliovaa nguo nyeusi kama watawa. Kwenye tandiko walining'iniza kichwa cha mbwa na ufagio, ishara ya kuwanusa wasaliti na kuwafagia. Kikosi hicho kiliua watu na kupora mashamba yao bila kesi. Filipp aliomba kwanza kivunjwe. Ivan alikataa, na mwishowe Filipp akatia saini kwamba hataingilia mambo ya kikosi hicho. Alibaki na haki moja tu, haki ya kale ya maaskofu wa Moscow ya kuwaombea huruma waliohukumiwa.

Wapo wanaomlaumu kwa saini ile. Mimi siwezi. Wachungaji wengi wameingia katika kazi yao kwa mlango mwembamba, wakiwa wamekubali masharti ambayo wasingeyachagua. La muhimu ni kile alichobaki nacho mkononi na jinsi alivyokitumia. Alianza kwa kumwonya Ivan faraghani. Mauaji yalipozidi, aliacha faragha.

Ilikuwa Machi 1568, ndani ya Kwaresima. Ivan aliingia na watu wake katika Kanisa Kuu la Kulala kwa Mama wa Mungu, ndani ya ngome ya Kremlin, akasimama mbele ya Filipp kungoja baraka. Filipp alinyamaza, macho yake kwenye picha ya Kristo. Wakuu wakamkumbusha kwamba Tsar anasubiri. Ndipo, kama Kanisa la Urusi linavyosimulia, alipomwambia Ivan mbele ya waamini wote kwamba hapa altareni inatolewa sadaka isiyo na damu, na nyuma ya ukuta huu damu ya Wakristo wasio na kosa inamwagika. Baraka hakuitoa.

Hukumu yake ilipitia mikononi mwa kanisa lenyewe, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mashahidi dhidi yake walitoka Solovki, miongoni mwa watawa aliowalea. Askofu Mkuu Pimen wa Novgorod alikuwa mstari wa mbele katika kumshtaki. Novemba 1568 watu wa Ivan waliingia katikati ya ibada, wakamvua mavazi yake ya kiaskofu na kumtoa nje. Akafungwa katika monasteri moja huko Tver. Mwezi Desemba 1569 Malyuta Skuratov, mtu wa karibu wa Tsar, aliingia chumbani mwake akamnyonga. Ivan alikuwa njiani kwenda Novgorod, na mwanzoni mwa 1570 watu wake waliwaua wakazi wa mji ule kwa wingi wa kutisha. Pimen, aliyemtoa mwenzake ili ampendeze mtawala, alivuliwa cheo na kudhalilishwa hadharani katika mji wake mwenyewe.

Kwa hiyo Filipp hakuokoa Novgorod. Tukisema ukweli wa imani yetu, tuuseme na huu pia. Neno la haki likisemwa mbele ya mkubwa halina ahadi kwamba panga litarudi alani.

Mwaka 1652 Tsar Alexei, wa ukoo mwingine kabisa, alimtuma Nikon, mitropoliti wa Novgorod ambaye punde angekuwa patriarka, aende Solovki ambako mabaki ya Filipp yalikuwa yamehamishiwa. Nikon alibeba barua ya Tsar akaisoma mbele ya jeneza. Ndani yake Tsar aliye hai alimwomba askofu aliyekufa asamehe dhambi ya Ivan. Daudi alitubu papo hapo. Kiti cha enzi cha Urusi kilichukua miaka 83.

Natamani habari ingeishia pale, lakini Peter Mkuu alipata njia ya kuhakikisha hapatokei Filipp mwingine. Patriarka Adrian alipofariki mwaka 1700, Peter hakuruhusu achaguliwe mrithi. Mwaka 1721 kanisa likawekwa chini ya baraza lililoitwa Sinodi Takatifu, na mwaka uliofuata akateuliwa afisa wa serikali, mlei, kulisimamia. Mapadri waliamriwa kutoa taarifa wakisikia katika kitubio njama dhidi ya Tsar. Fikirini maana yake kwa mkulima aliyepiga magoti na dhambi zake. Kengele ziliendelea kulia na majumba ya ibada yakazidi kupendeza, ila kwa karibu miaka 200 kanisa lile lilikuwa idara ya serikali, mpaka alipochaguliwa Patriarka Tikhon mwaka 1917, mapinduzi yakiwa yameshaanza.

Mwaka 1923 Wabolsheviki waligeuza Solovki kuwa kambi ya wafungwa. Maaskofu na mapadri wakarudishwa kwenye kisiwa cha Filipp wakiwa chini ya bunduki. Padri Pavel Florensky, mwanahisabati na mwanateolojia, aliwekwa kutafuta namna ya kupata iodini kutoka katika mwani, kisha akapigwa risasi Desemba 1937. Mwaka huohuo serikali ya Stalin ilifanya sensa na kuuliza watu kuhusu dini yao. Zaidi ya nusu ya watu wazima walijibu kwamba wanaamini, na waliojibu hivyo wengi walikuwa wanawake. Walimjibu karani wa serikali iliyokuwa ikiwaua mapadri wao. Matokeo yale yalifichwa.

Na leo? Tangu Februari 2022, Patriarka Kirill ameiunga mkono vita ya Ukraine na kuibariki. Karibu makasisi 300 wa kanisa hilohilo walitia saini wito wa kusimamisha mapigano. Mwaka 2023 padri mmoja wa Moscow alivuliwa upadri kwa sababu, katika sala iliyoagizwa na patriarka, aliomba amani mahali palipoandikwa ushindi. Nasema bila kusita kwamba Filipp angemtambua padri yule kama ndugu yake.

Sisi tunaletewa wageni rasmi. Wanakuja na misafara na bahasha za harambee, na mara nyingi tunawapa kipaza sauti kabla hata ya komunyo kuisha. Mtume Paulo anatuagiza tuwaombee wenye mamlaka, na tutaendelea kuwaombea kwa moyo wote. Lakini baraka ya altare si malipo ya mabati tuliyoahidiwa. Juma hili nawaomba muwataje kwa majina katika sala zenu askofu wenu, paroko wenu na wazee wa kanisa. Na siku mmoja wao atakapomwambia mkubwa neno zito kwa ajili ya wanyonge, simameni naye. Msimwache peke yake kama watawa wa Solovki walivyomwacha abati wao.